Jiko kwa Nakala Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza. Nimeamka saa kumi na mbili, nimenyoa ndevu zote, hata zile za chini ya kidevu ambazo kwa miezi mitano hakuna aliyeziuliza hali. Nimevaa shati jeupe. Nimekwenda ofisi ya ujenzi kuchukua fomu ya kibali.

Nitajenga jiko. Jiko jipya, nyuma ya nyumba, mita tatu kwa nne, kuta za matofali, bomba la maji ndani kwa ndani. Mke wangu atasikia. Akisikia atakuja kulitazama. Akilitazama atakaa. Huo ndio mpango, na nimeuzunguka pande zote sijaona pa kuvuja.

Kwa kumbukumbu (ya nani? haidhuru): mke wangu yuko kwa dada yake tangu Oktoba. Mimi ni mchonga mihuri. Duka langu ni chumba cha mbele, dogo, na nimeweka kochi la wateja, kwa hiyo mwaka jana mashine ya kupikia mpira wa mihuri niliihamishia jikoni, kando ya majiko yake. Kwa muda tu, nilimwambia. Mchuzi ukaanza kunuka mpira. Chai ikanuka mpira. Akasema hapa ni jikoni au kiwandani, nichague. Nikamjibu kwa hekima kwamba nyumba isiyo na kazi ni kiota tu. Nilidhani ni jibu zuri. Bado nadhani lilikuwa zuri, likitazamwa kama jibu.

Kesho yake nikakuta karatasi mezani. "Nimekwenda kwa dada. Maharage yamo kwenye sufuria ya bluu." Chini yake, sahihi. Sahihi kamili, na mkia wake, kama mtu anayeiandikia benki. Miaka kumi na tisa ya ndoa, halafu ananitilia sahihi!

Ofisini kuna afisa mmoja, mwanamke, kijana, hana mchezo. Hupima kila kitu kwa rula. Nimemkuta anapima nafasi kati ya benchi na mlango. Nimempa jina Rula. Amenipa fomu ya kurasa sita, nakala tatu. Penye nia pana njia, na penye njia pana fomu.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaza fomu kutwa nzima. Duka limefungwa. Hakuna aliyegonga kuuliza kwa nini.

Jina, sawa. Namba ya kiwanja, sawa. Kazi, sawa. Swali la saba: "Idadi ya wakaazi wa nyumba."

Nimeandika 2. Nikakaa. Nikakata, nikaandika 1. Nikaitazama ile 1. Imesimama peke yake kama msumari ukutani baada ya picha kuondolewa. Nikakata, nikaandika 2. Maelezo ya chini yanasema fomu yenye mkato haipokelewi.

Nimerudi ofisini kuchukua nyingine. Rula ameuliza ile ya jana imepatwa na nini. Nimesema imemwagikiwa chai.

Jioni. Fomu ya pili imekatwa palepale. Kesho nitasema mvua.

Jumatano, 6 Machi

Fomu ya tatu. Nimeandika: "2 (mmoja yuko safarini)." Si uongo. Kwa dada yake ni kilomita mbili, na mtu hajaambiwa safari huanzia kilomita ya ngapi.

Ramani nimeichora mwenyewe. Mtu anayechonga herufi za milimita mbili, tena kinyumenyume, ashindwe na mstatili? Rula ameitazama muda mrefu. Halafu ameuliza mpishi ataingilia wapi.

Nimesahau mlango.

Kuta nne safi, sinki, rafu, dirisha moja. Mlango hakuna. Rula akauliza kama mpishi atakuwa anapitishwa dirishani. Watu wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Nikacheka nao, ionekane ni mzaha niliouweka kwa makusudi.

Akachukua muhuri, akagonga: IMEKATALIWA. Muhuri ule nimeuchonga mimi, mwaka juzi! Herufi zimesimama wima, wino umesambaa sawasawa, hata ile K ngumu imetoka na miguu yake yote miwili. Kwa sekunde moja nilijivunia. Ndiyo iliyokuwa sekunde bora ya siku.

Alhamisi, 7 Machi

Mlango umewekwa. Leo ilikuwa zamu ya jirani. Fomu inataka jirani wa upande wa ukuta aandike kwamba hana pingamizi.

Jirani yangu ni yule ninayemwita Siku Tisa. Kibali cha ghorofa yake alikipata kwa siku tisa, na tangu hapo hajawahi kumaliza mazungumzo bila kukitaja. Ukimpa pole ya homa, atakwambia homa yenyewe imechukua muda kuliko kibali chake. Nilijua atanizungusha. Nikajiandaa. Nilimchongea muhuri wa jina lake, mpini wa mbao, herufi za mapambo, kazi ya usiku na asubuhi, nimlainishe kwanza ndipo nitoe fomu.

Kufika tu mlangoni akaiona fomu kwapani mwangu. Akaichukua. Akatia sahihi amesimama, bila kusoma hata neno, akanirudishia, akasema ujirani ndio huo. Nikabaki na muhuri mkononi. Akauliza huo ni wa nani. Ningesema nini?

Ameupenda mno. Mkewe naye akatoka kuutazama, akamnyoshea mkono, akamwambia ajaribu hapa. Akaugonga kwenye mkono wa mkewe. Wakacheka mpaka wakaegemeana. Nikaaga. Nikaaga tena. Nikaondoka.

Ukuta wetu ni mwembamba. Hadi saa hii ya jioni namsikia. Paa! Paa! Sijui anagonga nini, lakini kila baada ya kugonga, mkewe anacheka.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda kukabidhi. Nilijiona nimemaliza. Nilikuwa hata nimepanga atakuja siku gani, mke wangu, na mimi nitakuwa nimesimama upande gani wa jiko.

Rula akafungua hati ya kiwanja, akaweka rula chini ya mstari wa pili. Majina mawili, akasema. Kiwanja ni cha mume na mke. Kwa hiyo mmiliki mwenza naye anaridhia: sahihi tatu, moja kila nakala.

Nikamweleza kwamba hii ni siri. Ni zawadi. Mtu haombwi ruhusa ya kushtukizwa. Rula akasema sheria haina kifungu cha kushtukiza, mzee wangu. Mzee! Nina miaka hamsini na tatu.

Nikasimama kwenye ngazi za nje, nikafikiri. Nikimpelekea fomu, atajua ni jiko. Akijua ni jiko, atajua namtaka arudi. Akijua namtaka arudi, itakuwa kama nimekiri kwamba lile neno la kiota halikuwa na hekima. Haiwezekani. Lazima atie sahihi bila kujua anachotilia.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, sikatai. Ila mimi nitainama kwa namna ambayo hakuna atakayesema nimeinama.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango wa maji. Nimetengeneza fomu ya kubadilisha mita ya maji, kurasa nne, kichwa cha habari kizuri, muhuri wa tone la maji juu kabisa. Katikati nikachomeka zile karatasi tatu za ridhaa. Nani husoma karatasi za maji?

Shemeji husoma. Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ni muuguzi mstaafu, na hukutazama kama anatafuta mshipa wa kudunga sindano. Yeye ndiye aliyefungua mlango. Nikasema nina haraka, ni mambo ya maji tu, dada yake atie sahihi hapa, hapa na hapa.

Ndani cherehani kilikuwa kinakwenda. Mke wangu ni mshonaji. Niliposema "hapa, hapa na hapa," kikasimama.

Shemeji akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akalamba kidole. Akasoma wa pili. Akalamba kidole.

"Shemeji," akasema, "siku hizi mita ya maji inajengewa jiko?"

Nikachukua karatasi zangu. Shemeji akashusha sauti. Akasema ndani kuna chai, kuna kiti, na kuna mke wangu. Niingie, nikae, niseme ninachotaka. Cherehani bado kilikuwa kimesimama.

Nikasema nimeacha pasi kwenye umeme.

Shemeji akalitazama shati langu kuanzia kola mpaka chini, na makunyanzi yake yote. Akasema haya, kimbia basi isije ikaunguza nyumba.

Nikakimbia. Sina pasi. Mke wangu alikwenda nayo.

Nilipofika kona ndipo cherehani kilipoanza tena.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna ofisi. Hakuna duka. Jumapili ni ndefu kuliko siku nyingine. Nadhani kuna mtu huongeza saa.

Nimekaanga mayai mawili. Yamenuka mpira. Nimeyala.

Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha nyumba hii hakina mshindo wowote. Kimekaa tu, kama mgeni asiyeaga. Nimefungua redio. Walikuwa wanasoma hali ya hewa ya miji ambayo sina safari nayo. Nimesikiliza mji hadi mji, mpaka yule bwana akasema asanteni kwa kuwa nasi. Nikamjibu asante. Halafu nikaona aibu, nikazima.

Mchana nimelala kwenye kochi la wateja. Ni kochi zuri. Sijui kwa nini wateja hawalikalii.

Saa kumi nimetoa ile karatasi ya maharage. Huwa naitoa mara moja moja, si kila siku. Nimeitazama sahihi. Mkia wake unakwenda kulia, unapanda, na mwishoni kalamu imetoa tone dogo la wino, kana kwamba mkono ulisita hapo. Nimeitazama kama mume. Kisha, sijui saa ngapi, nikaanza kuitazama kama fundi.

Lo! Nimekuwa mjinga wiki nzima!

Jumatatu, 11 Machi

Imekamilika. Kazi bora ya maisha yangu. Sahihi ya mke wangu kwa mpira, mkia na yote, mpini wa mbao nyekundu. Hata lile tone nimelitoa, maana fundi hafanyi nusu kazi.

Nimeujaribu kwenye gazeti. Kwenye bahasha. Kwenye karatasi safi, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka chini, mpaka karatasi ikajaa yeye mtupu. Nikakaa na ile karatasi muda. Halafu nikakumbuka nilikuwa na kazi.

Nakala tatu. Paa, paa, paa.

Nimejiuliza kama hii ni kughushi. Nimejiridhisha kwamba sivyo. Mume na mke ni mwili mmoja. Mwili mmoja una mikono minne. Nimetumia mmoja wa ile iliyo karibu.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa komeo.

Rula alifungua nakala ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akafungua ya pili. Akarudi ya kwanza. Akafungua ya tatu. Kisha akatoa rula. Akapima mikia. Milimita thelathini na moja. Milimita thelathini na moja. Milimita thelathini na moja. Akalitazama lile tone, mara tatu, mahali pamoja.

Akaniambia hakuna binadamu anayetia sahihi tatu namna hii, hata akishikiwa bunduki. Akauliza nafanya kazi gani. Imeandikwa kwenye fomu, swali la tano, lakini alitaka niitamke. Nikaitamka kwa sauti ya mbu.

Akaiweka rula mezani. Akasema ana haki ya kunifikisha mbali. Akasema pia kwamba ananijua, mihuri yake yote imetoka kwangu, na haijawahi kumwangusha. Kwa hiyo atafanya moja. Atamwandikia mmiliki mwenza barua, afike mwenyewe Ijumaa saa tatu, aseme sahihi hizi ni zake au si zake.

Barua ikagongwa mbele ya macho yangu: WITO. Huo nao ni wangu. Nimejichongea kila mlango wa kunifungia.

Jumatano, 13 Machi

Mpango wa tarishi. Barua za ofisi hupelekwa na tarishi mwenye baiskeli. Nimemsubiri njia panda tangu saa mbili na chupa mbili za soda baridi. Nia: aniachie ile barua, niifikishe mimi kama mume. Au nisiifikishe.

Saa tano akapita. Soda zilikuwa zimeshapata joto. Akanywa zote mbili, akafuta mdomo, akaniambia barua ameipeleka jana jioni.

Nikamuuliza aliipokea nani. Mwenyewe. Alisemaje? Alisoma mara mbili, akauliza kama mumewe anaumwa.

Nikamuuliza tarishi alijibu nini. Akasema alimjibu kwamba haumwi, ila amekonda.

Nimerudi nyumbani kwa miguu polepole. Ameuliza kama naumwa! Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni. Ni kweli nimekonda. Nikikonda zaidi kidogo kabla ya Ijumaa haitadhuru. Sijala jioni.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandaa hotuba ya hoja sita. Hoja ya kwanza, maendeleo ya makazi. Ya pili, thamani ya kiwanja. Ya sita nimeiacha wazi, nitaona hali itakavyokuwa.

Nimefanya mazoezi uani. Siku Tisa akachungulia juu ya ukuta, akauliza naongea na nani. Nikasema na fundi. Akatazama ua mzima, akaona hakuna fundi, akaegemea ukuta. Akaniambia yeye na mkewe waligombana mwaka wa kwanza wa ile ghorofa, mkewe akaenda kwao. Sikuwahi kujua. Akasema alimfuata siku ya pili, akamwambia nisamehe, akarudi naye. Neno moja tu, jirani.

Nikamshukuru. Moyoni nikasema: mtu aliyepewa kila kitu kwa siku tisa anajua nini? Halafu neno moja halina mpangilio. Mimi nina hoja sita.

Ukutani, upande wangu, kuna jina lake limegongwa mara nane. Kwa wino wa zambarau.

Ijumaa, 15 Machi

Alifika saa tatu kasoro dakika tano. Gauni la kijani ambalo silijui. Atakuwa amelishona huko. Futikamba shingoni, amesahau kuivua, au ametoka kwenye kazi mbiombio. Akamsalimia Rula. Akanisalimia, habari za siku nyingi. Nikasema nzuri. Hotuba ikanitoka kichwani yote, hoja baada ya hoja, nikazisikia zikitoka.

Rula akamwekea zile nakala tatu juu ya meza.

Akaziangalia. Niliona jicho linafuata mkia, linapanda, linafika kwenye tone. Hapo likasimama. Akaweka kidole juu ya lile tone. Hakugeuka kunitazama.

"Ile karatasi bado unayo?"

Nikasema nilihitaji sampuli.

Rula akauliza, kiofisi, kama sahihi hizi ni zake. Nikahesabu vigae vya dari hadi kumi na saba kabla mke wangu hajajibu. Akasema sahihi ni yake, ila aliiweka kwingine. Akaomba nakala tatu safi, na ramani.

Akaisoma ramani kama anavyosoma kitambaa, kwa kuilaza na kuipapasa. Akasema dirisha linatazama ukuta wa jirani. Akasema amepika miaka kumi na tisa anatazama ukuta. Akanyosha mkono bila kuuliza, na Rula, ambaye hajawahi kumwazima mtu rula, akampa rula. Akafuta dirisha. Akalichora upande wa ua, kwenye mwanga.

Halafu akauliza mashine iko wapi.

Nikasema iko jikoni.

"Na hili jiko jipya ni la nani?"

"Lako."

"Ngoja nielewe." Sasa alikuwa ananitazama. "Umezunguka wiki mbili na fomu. Umemdanganya dada. Umenichonga kwa mpira. Ili ujenge jiko la pili. Kwa sababu ile mashine huwezi kuibeba hatua kumi na mbili kuirudisha dukani?"

Nikamweleza kwamba duka ni dogo.

"Duka si dogo, bwana wewe. Toa kochi."

Rula alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika kitu. Nilichungulia. Alikuwa anapiga mistari mitupu.

Mke wangu akatia sahihi. Tatu, kila moja na sura yake. Ya kwanza ndefu, ya pili imebanana, ya tatu imepinda kidogo kama mtu aliyechoka au aliyejizuia kitu, sikujua kipi. Sikuwahi kugundua kwamba hazifanani.

Tukatoka pamoja hadi kwenye ngazi. Jua lilikuwa kali. Akasimama ngazi ya chini yangu, akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia.

Lilikuwepo. Naapa lilikuwepo, limekaa kwenye ulimi kama kidonge. Neno moja, jirani. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia bomba la maji taka litakuwa la inchi nne.

Akanitazama. Akapanda ngazi moja, akaikunjua kola yangu iliyokuwa imejikunja ndani, akairudisha mahali pake. Akasema siku nikiwa na neno, kwa dada napajua. Pale hapahitaji fomu. Hodi inatosha.

Akaenda. Hakugeuka nyuma. Au pengine aligeuka wakati nilipokuwa napekua mifuko kutafuta kalamu, niandike alivyosema nisije nikasahau.

Jumatatu, 18 Machi

KIBALI! Muhuri wa IMEIDHINISHWA, wino wa buluu, herufi zimekaa vizuri mno. Siku kumi na nne kamili. Nimemwonyesha Siku Tisa juu ya ukuta. Amesema hongera, yeye zilikuwa tisa.

Rula amenipa mkono. Kisha, si kiofisi, amesema mzee wangu, sasa nenda kapige hodi. Kumbe mlango wa ofisi ulikuwa wazi ile Ijumaa. Nikajifanya sijasikia, nikauliza kuhusu masharti.

Amenisomea masharti. Ujenzi ufuate ramani. Ukienda kombo hata nusu mita, kazi inasimamishwa, na wamiliki wanaitwa mbele yake kujieleza.

Nikauliza, wamiliki wote wawili?

Wote wawili.

Kila mara?

Kila mara, akasema, na akaanza kunitazama kwa namna fulani. Nikaaga.

Jumanne, 19 Machi

Siwezi kusema sikujaribu. Leo asubuhi nimekwenda. Kweli nimekwenda, bila karatasi hata moja mfukoni. Nimefika mlangoni kwa shemeji saa tatu. Cherehani kilikuwa kinakwenda. Nikasimama. Nikainua mkono. Nikakohoa kidogo kusafisha koo.

Cherehani kikasimama.

Akili yangu ikafanya hesabu papo hapo, siku hizi inafanya kazi vizuri sana. Nikipiga hodi, nitafunguliwa. Nikifunguliwa, nitaulizwa neno gani. Nikilisema, atajibu ndiyo au hapana. Hapana ni neno la mwisho, baada yake hakuna ofisi ya kukata rufaa. Lakini wito! Wito haujibiwi hapana. Ukiitwa, unafika.

Nikashusha mkono. Nikaondoka kwa ncha za vidole. Sikungoja kusikia kama kinaanza tena.

Nimeshazungumza na fundi mwashi. Kesho anachimba msingi, na nimemwelekeza ausogeze nusu mita kuelekea ukutani. Sentimita sitini, kwa usalama. Amepinga, amesema ramani haisemi hivyo. Nimemwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Alhamisi Rula atapata taarifa, nimeshajua atazipata vipi. Ijumaa barua. Jumatatu tuko mbele yake, mimi na mke wangu. Tukirekebisha msingi, kutabaki bomba. Baada ya bomba, paa. Nimepiga hesabu ya haraka: tukienda kombo kwa uangalifu, tunaweza kuitwa mara nne au tano kabla ya mwaka kwisha.

Mchana nimepita ofisini, nimesubiri Rula atoke kwenda kula, nimepima benchi. Sentimita tisini na nne. Watu wawili wakikaa pale, hata wakijibana kila mmoja upande wake, mabega lazima yagusane.